Kigurudumu cha Mita

Alikuwa amepiga magoti mbele ya mita ya maji, kitambaa mkononi, akifuta tope kwenye kioo. Bomba la uani lilikuwa limefungwa, la jikoni limefungwa, la bafuni pia. Alikuwa amezunguka nyumba nzima akiyakaza yote mwenyewe. Hata hivyo, chini ya kioo, kile kigurudumu chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa kinazunguka. Polepole, kama mtu asiyedaiwa na yeyote, lakini kinazunguka.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alianza kufulia watu hapo uani mwaka uliopita, na mwaka huohuo ankara ya maji ikaanza kupanda. Maji hutozwa kwa ngazi: uniti za mwanzo ni nafuu, lakini nyumba ikivuka kiwango, kila uniti inayofuata huwa na bei kubwa zaidi. Nyumba yao ilikuwa imekwama ngazi ya juu kwa miezi, kama kuku aliyeruka juu ya paa akasahau njia ya kushuka. Wiki iliyopita mama mkwe, mwenye nyumba, alikata shauri. Ankara ijayo ikija vilevile, mabeseni yatoke uani. Hakusema kwa ukali. Alisema huku akichambua maharage, bila kuinua macho. Dobi hakuwa na mahali pengine pa kufulia. Bila uani, hana kazi.

Hakubishana. Alijua kufua kunakula maji, akaanza kupunguza pale alipoweza. Maji ya suuza ya mwisho aliyatunza ya kulowekea nguo za kesho. Ya povu yakaenda kudeki sakafu na kumwagia choo. Wifi yake, ambaye ulimi wake haulali, akasema siku hizi mtu akilia humu ndani ataletewa beseni, machozi yasipotee bure. Dobi alicheka, akaendelea.

Lakini sasa hakuna aliyekuwa anafua, na kigurudumu kilikuwa kinazunguka.

Akaingia chooni. Akafunua tangi la kuvutia maji, akachukua buluu, ile rangi anayotilia mashuka meupe, akaikoroga humo. Hakuvuta maji. Akafunga mlango, akaenda kupiga pasi mashati mawili. Aliporudi, maji ya chini, ndani ya choo, yalikuwa ya buluu. Tangi lilikuwa linavuja kimyakimya.

Akachungulia ndani ya tangi. Boya linapopanda maji yakijaa, mkono wake ndio unaofunga maji. Mkono huu ulishindwa kupanda. Juu yake kulikuwa na kabari ya mbao, imebana, na maji ya ziada yalikuwa yanamwagikia kwenye bomba la ndani, moja kwa moja hadi chooni. Kabari ilikuwa imepigwa randa vizuri sana. Humu ndani, mtu wa kupiga randa hata kabari ya choo alikuwa mmoja tu.

Mumewe, seremala, aliporudi kutoka karakana, alikubali bila kusita kwamba aliiweka yeye. Mkono wa boya ulikuwa unachezacheza, akautuliza. Siku ile ilikaa sawa kabisa.

"Baba, mbao ikilowa inakuwaje?" dobi akamuuliza kwa upole.

"Inavimba. Hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza—" Akaitazama kabari iliyonona kwenye kiganja cha mkewe.

"Mwalimu kafeli," wifi akasema kutoka ukumbini.

Mama mkwe akakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Seremala akaukaza mkono uliolegea kwa kipande cha waya. Tangi likajaa, mkono ukapanda, mchirizi ukakatika. Wote wanne wakatoka kwenda kwenye mita.

Kigurudumu kilikuwa kinakwenda taratibu zaidi. Hakikusimama.

Mama mkwe aligeuka akayatazama mabeseni, na dobi aliona alivyoyatazama.

"Basi kuna pengine," dobi akasema.

Akaanza kutembea akifuata njia ya bomba kutoka kwenye mita kwenda jikoni, akikanyaga ardhi kwa kisigino. Karibu na nguzo ya kamba ya kuanikia, udongo ulibonyea. "Sote tumezoea kuwa hapa pana unyevu," wifi akamwambia. "Si nguo zako zinachuruza?" Hata dobi mwenyewe aliamini hivyo siku zote. Lakini tangu juzi hakuwa ameanika kitu, wala mvua haikunyesha.

Akachukua jembe. Mumewe akataka kumpokea. Dobi akampa sepetu badala yake. Udongo ulikuwa mzito, umeshikana, na kila walipochimba maji yalijaa shimoni. Jua lilikuwa limeshafika nyuma ya ukuta na bomba bado halijaonekana. Mama mkwe alileta kigoda, akakaa karibu na shimo, akalitazama muda mrefu.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "mabeseni yasiende popote. Lakini na maji yasiende popote."

"Hayataenda, mama."

Wakajaza ndoo mbili za maji ya usiku, kisha dobi akafunga koki kubwa ya kukata maji, kando ya mita. Akainama kutazama. Kigurudumu kilikuwa kimetulia. Akaliacha jembe limesimama ndani ya shimo kwa kazi ya kesho, akaenda kunawa miguu kwa maji ya suuza.