Ubavu wa Kibla

Pale Nguvumali watu walisema Mwatumu binti Hatibu amekufa nusu. Mwili wake ulirudi kutoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe, lakini mkono wa kulia ulibaki huko ulikobaki. Uliningʼinia kwenye kifundo kama shingo ya kuku aliyekwishachinjwa. Ukimwinulia kiganja, ukikiachia, tepwe, kimeanguka.

Ugonjwa ulianza na mwiba wa mkonge. Ulimchoma unyayo, akaupaka mate, akasahau. Mwiba haukusahau. Siku zilipopita meno yakaumana, mgongo ukapindika kama upinde, wakasema pepopunda. Aliyeutungia ugonjwa huo jina alimjua pepo na alimjua punda. Hospitalini akatiwa chumba cha giza, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, maana mwenye pepopunda hata mlio wa kijiko humkakamaza. Akachomwa sindano za usingizi, akalala asijue Jumatatu wala Ijumaa. Shangazi yake Asmahani, aliyemlea, aliruhusiwa kukaa pembeni ya kitanda, mradi auzuie mdomo wake. Huo nao ulikuwa ugonjwa wa pili mle chumbani.

Mwatumu aliyakumbuka mambo mawili ya gizani. Yasini ikinongʼonwa sikioni mwake. Na kila alipoibuka kidogo usingizini, kujikuta kalazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua hicho ni kilalo cha nani. Akasema moyoni: basi, nimezikwa. Akawangoja wale malaika wenye kuuliza maswali. Hawakuja. Kilichokuja ni ganzi, ikaupanda mkono uliokuwa chini yake, na mkono nao ukanyamaza.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kuchora piko. Maharusi kutoka Nguvumali hadi Raskazone walimpa miguu yao. Sasa nani atamtoa mwanawe achorwe na mkono uliolala na wafu? Mama mmoja mwenye harusi alikuja kumpa pole, na muda wote alioketi aliifunika miguu ya bintiye kwa kanga, kama mtu anayefunika samaki paka yuko karibu.

Kisha mkono ukaanza mambo. Siafu wasioonekana walishuka kutoka kiwikoni, wakauma, wakachoma. Siku moja, mchana kweupe, wanakunywa chai, kidole gumba kikaruka peke yake.

Asmahani akaiacha kawa ya kufunikia chakula ikaanguka. "Huyo si wewe, mwanangu."

"Ni nani basi, shangazi?"

"Aliyeuchukua mkono ameurudisha, na yeye yumo ndani."

Tangu hapo shangazi hakula naye sinia moja. Alikwenda kwa Mwinyi Uweso, mganga, akarudi na kitambaa cha sanda: mkono ufungwe Ijumaa baada ya swala, ukazwe toka kiwiko hadi vidole, usifunguliwe mpaka unyamaze kabisa. Mwatumu alikubali. Naye alikuwa akiogopa. Akiutazama pajani mwake aliona kama ameketi na mgeni asiyemjua jina, tena mgeni anayemjua yeye.

Ijumaa ile kitambaa kiko tayari kwenye sinia, hodi! Alikuwa Ruthi, nesi wa kile chumba cha giza, Msambaa, mtoto wa Kilutheri, amekuja kumtazama mgonjwa wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, ila tuna shughuli."

Ruthi alikiona kitambaa, asiulize. Akaushika mkono, akauminya kwa ukucha mgongoni mwa kiganja. Mwatumu akapiga ukelele.

"Mkono unachoma?" Ruthi akacheka kwa furaha. "Basi unarudi! Mshipa wa fahamu ulikandamizwa, na mshipa hauponi kimya kimya. Mkiukaza na hicho kitambaa mtauua mara ya pili. Wekeni kibao chini ya kiganja kikiinue, mfunge kwa ulegevu."

"Ulikandamizwa na nani?" Mwatumu akauliza.

Nesi akateremsha sauti. "Hapo ndipo na mimi naogopa, dada. Nilikuwa nakugeuza ubavu wa kushoto, nikirudi nakukuta wa kulia. Nageuza, narudi, vilevile. Na wewe huwezi hata kuugeuza ulimi. Chumba kile kina kitu. Siku hizi siingii bila zaburi mdomoni."

Asmahani akayatazama makuti ya paa. "Jini la namna gani?"

"Sijui, bibi. Lenye nguvu."

"Lilikuwa na nguvu. Sasa lina kiuno kibovu."

Wote wawili wakamgeukia.

"Daktari alisema hafiki asubuhi," Asmahani akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Kila ukitoka, niliinuka nikamgeuza. Ningemwacha mwanangu afe ameipa kibla kisogo?"

Mwatumu hakucheka wala hakukasirika. Aliwaza ule mkono kule chini, peke yake. Haukujua kwamba ni mapenzi. Ulisikia Yasini, ukaona kilalo, ukaamini, ukatangulia. Na huko ulikotangulia ulikaa na kina nani?

"Nimekosa, mwanangu," Asmahani akasema. "Lakini kama kweli mkono umekuja na mtu?"

"Aje. Kazi zipo." Kwa mkono wa kushoto Mwatumu akalisukuma sinia na sanda yake mpaka mlangoni.

Ule mchomo ukaja tena, mkali kuliko siku zote. Akafumba macho. Kitu kilikuwa kikishuka mkononi polepole, kama mtu aliyeingia nyumba yenye giza anapapasa ukuta. Kikasimama kifundoni. Kiganja kikainuka kidogo tu, hata punje ya mchele isingepita chini yake, kikatetemeka, kikaanguka.

Shangazi akasoma aya ya kursiyu. Nesi akaipata zaburi yake. Hakuna aliyesema ni nani aliyekiinua.

Mwatumu akautazama mkono wake, jasho likimtiririka, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Karibu."