Mipira ya Idara ya Afya

Afisa bajeti wa Idara ya Afya ya jimbo alikuwa mtaratibu hata wenzake wakamwita Mpole, na jina likamkaa kama shati la kushonesha. Alipenda tarakimu kwa sababu hazipayuki. Alipooa alijua, kama wanaume wote, kwamba anaoa pamoja na mama mkwe. Asichojua ni kwamba mama huyo, mwalimu mkuu mstaafu, angegombea ujumbe wa Baraza la Jimbo, akashinda, kisha akakabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Wakuu wa idara hawakuchelewa kumpachika jina la Mkasi. Ukimpelekea bajeti ndefu kama suruali, unarudi ofisini umevaa kaptura.

Nyumbani, Mpole na mama mkwe wake waliheshimiana kwa mbali. Mama akiingia sebuleni, Mpole anakumbuka ana shughuli uani. Wakisalimiana, macho ya Mpole yako sakafuni. Hata kukohoa mbele yake alikuwa hajawahi.

Kazini hilo halikumsumbua, maana wa kusimama mbele ya kamati alikuwa Mkurugenzi, bwana wa maneno mengi na tai pana. Yeye Mpole aliandaa makabrasha tu. Ila mwaka huo, alipofika kwenye kifungu cha kinga ya magonjwa ya zinaa, vidole vilimgoma. Kifungu kiliitwa “Kondomu, usambazaji mijini na vijijini”. Akilini akamwona mama mkwe amevaa miwani, anasoma neno hilo, na chini ya ukurasa anakuta jina la mwandaaji: mume wa binti yake. Jasho likamtoka. Akafuta, akaandika “Mipira, usambazaji mijini na vijijini”. Mwenye akili ataelewa, akajipoza moyo.

Asubuhi ya kikao Mkurugenzi alifika hana sauti. Alikuwa ameshangilia harusi ya mpwa wake mpaka koo likafunga. Akachukua karatasi, akaandika: “Utasimama wewe.”

Mpole akainyakua kalamu, akaandika chini yake: “Siwezi, Mwenyekiti ni mkwe wangu!”

Mkurugenzi akasoma, akamkazia macho, akaandika: “Sasa wewe unaandika kwa nini? Una sauti.”

Ukumbini, Mwenyekiti alianza kwa kuweka mambo wazi. “Kumbukumbu ziandike kwamba afisa huyu ni mkwe wangu. Kama kuna mjumbe asiyetaka niongoze kikao hiki, aseme sasa.”

“Mheshimiwa, hatuna shida na wewe,” mjumbe mmoja akajibu. “Tunamwonea huruma yeye.”

Mambo yalianza vizuri. Chanjo zikapita. Vyandarua vikapita. Mafuta ya magari ya wagonjwa yakapita. Viti vipya vya ofisi ya Mkurugenzi vikakatwa bila hata ganzi. Kisha ikaja zamu ya mipira.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa mjumbe mnene aliyeitwa Refa, kwa kuwa ujanani alichezesha soka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeguswa! Miaka yote Idara ya Afya imekaa inasubiri watu waugue. Leo imeamka! Mazoezi ndiyo kinga! Mipira mpaka vijijini!” Meza zikagongwa. “Ila kwangu viwanja ni kokoto tupu. Afisa, hiyo mipira ni imara? Isije ikapasuka mara ya kwanza tu.”

“Ime... imepimwa, mheshimiwa,” Mpole akajibu.

“Na timu yetu ya wazee imo?”

“Mtu mzima yeyote, mheshimiwa.”

“Mimi naona ni mingi mno,” akadakia mjumbe wa nyuma. “Mpira mmoja si unatosha watu ishirini na wawili? Maboksi yote haya ya nini?”

Pembeni, Mkurugenzi alikuwa anakohoa bila mlio, anapunga mikono kama mtu anayezama. Hakuna aliyemtazama. Refa alikuwa ameshapata moto. Akatoa hoja kwamba jambo zuri namna hii halifai kuachiwa madaktari: fungu lote lihamie Idara ya Michezo, na chenji inunue nyavu za magoli. Meza zikagongwa tena.

Mpole akaliona fungu linaondoka mbele ya macho yake. Akamkumbuka muuguzi mmoja wa kliniki ya pembezoni aliyempigia simu mwaka uliopita, maboksi yalipomwishia. “Nawaambia vijana wajikinge,” muuguzi alisema kwa uchungu. “Wananiuliza, kwa kitu gani, sista? Nami sina cha kuwapa.”

Akainua uso. Tangu aoe, hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni. Alimkuta anamtazama juu ya miwani, ametulia tuli, kama mwalimu anayelijua jibu lakini hatalitoa ng'o.

“Afisa,” akasema Mwenyekiti, “hiyo mipira ni ya mchezo gani?”

“Si ya mchezo, mheshimiwa.”

“Ya nini basi?”

“Ya... kinga.”

“Ya golikipa?” Refa akauliza, bado ana matumaini.

Mpole akafumba macho, akavuta kipaza sauti. “Kondomu!”

Spika zikapiga yowe. Mkurugenzi akajifunika uso kwa kabrasha. Mpole naye, kama bomba lililopasuka, hakuweza tena kujizuia. “Ni kondomu, Mama! Mheshimiwa Mama! Mwenyekiti! Zikihamia Michezo, kliniki zitabaki tupu, na mwakani tutakuja hapa kuomba dawa za watu ambao tungeweza kuwakinga!”

Refa akaketi polepole.

“Naondoa hoja yangu,” akasema. “Na lile swali la timu ya wazee, naomba lifutwe.”

Watu waliangua kicheko, isipokuwa Mkasi. “Kifungu kinabaki Afya,” akatamka, “na kiandikwe kwa jina lake.” Akafunua ukurasa. “Na kwa kuwa hakitoshi, tutakiongezea kutoka kwenye hizi semina za viongozi hotelini.”

Hapo ndipo sauti ya Mkurugenzi iliporudi. “Mheshimiwa!” alipaza, lakini mkasi ulikuwa umeshapita.

Baada ya kikao, mama mkwe alimkuta Mpole kwenye ngazi, anachunguza vigae.

“Baba, kwa nini hukuliandika tu neno lenyewe?”

“Nilikuwa nakuheshimu, Mama.”

“Mdogo wangu wa mwisho alikufa kwa ugonjwa ambao nyumbani tuliuita homa. Tuliheshimiana sana. Hakuna aliyeutaja.” Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. “Leo umenifurahisha. Haya, nenda nyumbani, umelowa jasho.”

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe amejilaza kwenye kochi, anacheka ameuma mto. Vikao vya baraza hurushwa redioni, na mtaa mzima ulikuwa umesikia. Kabla hajavua viatu, simu ikaita. Alikuwa mama yake mzazi.

“Mwanangu, jirani kaniambia umemtukana mama mkwe wako redioni!”

“Sikumtukana, mama.”

“Ulimwambia nini basi?”

Mpole akashusha pumzi, akalitaja neno, safari hii bila kutetemeka.

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

“Heri ungemtukana,” mama yake akasema, akakata simu.