Malaika wa Bwana Kamaludin

Mimi samaki nampenda sahanini, amekaangwa akakauka, na ndimu pembeni. Samaki wa kutazamwa ananichefua. Basi mwaka ule wa hamsini na sita Mungu akanionyesha: nikakaa mwezi mzima nimeinamia bakuli, nachungulia matako ya samaki.

Walikuwa watatu, bapa, wenye mistari myeusi na mapezi marefu yanayoning'inia. Aliwaleta Bwana Kamaludin, karani wa Mombasa aliyemposa Esha, binti wa kaka yangu Yunusi. Wenziwe hupeleka kanga na dhahabu wakatosheka. Yeye akaongeza mtungi wa kioo wenye samaki, na barua: hawa Wazungu huwaita malaika, watunzeni, nikija baada ya Maulidi niwakute wazima kama nilivyowatuma.

Kaka yangu aliisoma ile barua mara tatu. "Mwanamkisi," akaniambia, "wakifa hawa tumeaibika. Atasema nyumba hii haiwezi kutunza kitu."

Nami ndoa hii niliitaka kuliko yeye. Mama yake Esha alifariki mtoto angali ananyonya, nikamlea mimi. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na posa mbili zilikuwa zimeshavunjika, zote kwa sababu moja: Esha ana pumu. Ikimshika hukaa kitako akashika magoti, mabega yakapanda na kushuka, na mlio wa kifua chake ukausikia hadi ukumbini. Hii posa ya tatu nikaapa haivunjiki. Nikawakanya wote nyumbani, na mdogo wake wa mama mwengine, Hadia, nikamfinya sikio kabisa: neno pumu lisivuke kizingiti. Najua, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hilo ni la anayetafuta dawa, si la anayetafuta mume. Akishaoa ataona mwenyewe, nikasema, na mke aliyeingia nyumbani hatolewi kwa kukohoa.

Basi, samaki. Kwetu kila nyumba ina birika la maji chooni, na ndani ya birika mna samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini hujengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua wapate pa kukaa. Mtu akikuletea samaki hai utamweka wapi kama si hapo? Nikawamimina.

Wiki haikwisha, samaki wetu wadogo hayupo hata mmoja. Wameliwa. Malaika gani hao, astaghfirullah, wanaokula wenyeji wao!

Kisha wakaanza kuugua. Wa kwanza alisimama juu ya maji, mapezi ameyafumba, mdomo wazi, anahema. Wa pili alitoka vidoa vyeupe mwili mzima, utadhani kanyunyiziwa chumvi, na kutwa kucha anajikuna ukutani. Wa tatu, kefule! Pezi lake lilikuwa linaoza, limeota kitu kama pamba, na nyuma anaburura mavi meupe, marefu, hayakatiki. Na maji hayo ndiyo niliyokuwa nimetoka kusukutulia asubuhi hiyo. Nilitapika pale pale chooni.

Nikamwita Gharib, mtunza birika la msikiti. Hakuna anayejua samaki wa birika kama yeye, na hakuna mwanamume mchafu kama yeye nje ya saa za swala. Tumbaku imejaa shavuni, ndevu zimegeuka rangi, na anatema popote aliposimama. Alitia mkono birikani mpaka kwapani, akayanusa maji, kisha, wallahi, akayaonja.

"Mai ya kisima," akasema, "mazito kwa hawa. Na haya mafuta juu yatoka wapi?"

Nikatazama. Kweli, uso wa maji ulikuwa unang'aa utando wa mafuta. Nikaona haya, kwa sababu nilijua. Tangu ile posa nilikuwa nikimsugua Esha kwa singo ya maharusi na mafuta kila jioni ili ang'are, naye akitoka hapo hushika kata kwa mikono ile ile akachota birikani.

"Mwawaziba pumzi, kisha mwashangaa wahema," Gharib akasema, akatema kwenye sakafu yangu.

Nikameza hasira nikamsikiliza. Watenge, kila mgonjwa bakuli lake. Maji yawe ya mvua, yaliyokaa ndani yakawa vuguvugu kama yale ya kwao. Kila siku punguza theluthi, uongeze mapya, na mavi uyatoe. Huyu wa vidoa mtilie chumvi kidogo, ya ncha ya kidole. Na mkono uliotoka kwa mgonjwa usiingie kwa mwengine kabla hujaunawa. "Na kila asubuhi, kabla ya kumlisha, tizama mapezi, yamekunjuka au yamefumbwa. Tizama pumzi. Kisha tizama mavi. Yakiwa meusi, mpe chakula. Yakiwa meupe kama uzi, mnyime."

Ndivyo mwanamke wa umri wangu, niliyesoma Kurani nikahitimu, nilivyoanza siku zangu kwa kutazama mavi. Nilikwenda nyumba za jirani kuomba viluwiluwi vya mbu vya mitungini mwao, kwa kuwa malaika hawali kingine, wameshiba kiburi. Wanawake walinicheka. "Mwanamkisi, huyo mkwe au jini? Maana jini nalo hutaka sinia lake!" Harufu ya ute wa samaki iliniingia kwenye kucha, nikawa nakula wali kwa kijiko.

Esha hakuona kinyaa. Alikaa na yule wa pezi bovu saa nzima nzima, akimtoa ile pamba kidogo kidogo kwa ncha ya unyoya. Baada ya wiki tatu, wawili walikuwa wazima kabisa. Yule wa tatu pezi lake lilibaki nusu, akiogelea anakwenda upande, lakini anakula, na mavi yake, alhamdulillahi, meusi.

"Huyu ndiye wangu," Esha akasema.

Bwana Kamaludin akaja. Kaka alimkaribisha dakani, pale mbele ya mlango wa mtaani, nasi wanawake tukakaa nyuma ya pazia, mimi na Esha na Hadia. Kaka akampelekea malaika wote watatu katika bakuli moja kubwa. Nikachungulia. Mgeni alikuwa na kanzu nyeupe pe, saa mkononi, kitambaa cha hariri mfukoni. Nikamshukuru Mungu kwa uzuri wake.

Aliinama juu ya bakuli. "Huyu ana nini?"

"Aliugua," kaka akasema. "Sasa amepona. Pezi tu."

Bwana Kamaludin akaingiza vidole viwili, akamshika mkia yule wa pezi bovu, akamtupa njiani. Paka wa mtaa walikuwa wameshamfikia kabla hajaacha kurukaruka. Esha alinishika mkono akanibana.

"Mimi kwangu," akasema mgeni, huku akifuta ute kwa kile kitambaa cha hariri, "akitoka hata kidoa kimoja nammwaga, nanunua mwengine. Kigonjwa hakitunzwi, Bwana Yunusi, hubadilishwa. Hata yule mke wangu wa kwanza, alipoanza kukohoa, haikufika Ijumaa nikamrudisha kwao."

Kaka yangu akacheka. Alicheka kwa adabu ya mwenyeji, lakini alicheka.

Esha akauachia mkono wangu. "Bwana Kamaludin," akasema kwa sauti, mwanamwali wa kuposwa, kutoka nyuma ya pazia, "mimi nina pumu. Tangu utotoni."

Bwana Kamaludin akakunja kitambaa chake taratibu, asilitazame hata pazia, akamgeukia kaka.

"Nasikia ana mdogo wake," akasema. "Huyo ni mzima?"

Kinyaa nilichokuwa nacho mwezi mzima kwa samaki kilikuwa si kitu. Nililisukuma pazia nikatoka kichwa wazi, Mungu anisamehe. "Toka!" nikamwambia. "Toka, mwana kharamu wewe, kabla sijakumwagia maji ya chooni!"

Akasimama, akatengeneza kofia. "Na hawa wawili wazima?" akauliza. "Ni wangu."

Kaka yangu ndiye aliyemsindikiza. Nikarudi ndani nikihema kwa hasira, nikamtukana Kamaludin na waliomzaa na chombo kilichomleta. Hadia alikuwa amejificha pembeni analia. Nikangoja na Esha alie, nimfute machozi. Hakulia.

"Unamtukana bure, shangazi," akasema. "Yeye amesema wazi kwamba mgonjwa hutupwa. Wewe ulikuwa ukinipeleka kwake, na mdomo umeniziba."

Nikajichukia. Kifua chake kilikuwa kimeshaanza kulia, mabega yanapanda, naye ameketi ameshika magoti. Nikamtayarishia habasoda na asali, akakipokea kikombe bila ya kunitazama.