Kengele ya Mama Earline

Wiki moja kabla ya mahafali, mpwa wangu Jalisa alituketisha sebuleni kama washtakiwa. Alisema mkuu wa shule, Bwana Hostetler, ametoa onyo: familia ikipiga kelele jina la mtoto wao likisomwa, mtoto huyo hapewi cheti.

"Kwa hiyo Anko Lamont, wewe funga mdomo. Na Bibi, kengele ibaki nyumbani."

Mama yangu, Earline, aliacha kumenya viazi vitamu. Kengele ile ya ng'ombe alikuja nayo Ohio kutoka Alabama, na ameigonga katika mahafali ya kila mtoto wa ukoo huu. Kwetu sisi, mtoto akiitwa jina, ukumbi mzima lazima ujue ana watu.

"Nani kakwambia sisi ni kelele?" Mama akauliza.

"Bibi, walimu wananisifu kwamba mimi si kama wale wengine. Sasa mnataka kuniaibisha siku ya mwisho?"

"Wale wengine kina nani?" nikamdaka. "Mimi? Mama yako?"

Dada yangu Vernell, mama yake Jalisa, ndiye aliyempeleka shule ile ya wazungu, ati ni nzuri. Nzuri ndiyo. Ilimfundisha hesabu za kutisha, na ikamfundisha kutuonea haya. Kila nikimfikisha getini lazima aseme, "Anko, zima muziki," nami nikawa nameza hasira. Siku hiyo sikumeza. Tulirushiana maneno mpaka Vernell akaanza kulia.

"Basi," Mama akasema. "Siku ni yake. Tutanyamaza."

Siku ilipofika tukakaa tumebana midomo, Mama na kofia yake ya kanisani, mkoba mapajani. Likasomwa jina la Cody Brandt. Baba yake akapuliza honi ya mpirani, shangazi zake wakapiga mayowe. Hostetler akacheka kwenye maikrofoni.

"Naona Cody ana mashabiki!"

Akampa cheti na kumpigapiga begani. Nikaanza kuinuka kitini.

"Lamont, usithubutu," Vernell akanong'ona.

Akafuata Marquis Dorsey, mmoja wa watoto weusi wachache pale. Bibi yake akasema, "Asante Yesu!" Mara moja tu. Walinzi wawili wakaja kumtoa nje yule mama wa watu, na Hostetler akachomoa cheti ndani ya jalada lake gumu, akamkabidhi Marquis jalada tupu. Jalisa alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Aliona kila kitu.

"Jalisa Dunn."

Sisi kimya. Niliuchukia ukimya ule, nikajichukia mimi niliyekuwa ndani yake. Jalisa alitembea mpaka katikati ya jukwaa, akasimama. Hostetler akanyoosha mkono, ukabaki hewani. Mtoto alikuwa ametugeukia sisi.

"Bibi!" akaita. "Mbona mmenyamaza?"

Mama akafungua mkoba. Kumbe kengele alikuja nayo, kaizungushia leso isilie.

"Mama, walinzi," Vernell akasema.

"Mjukuu wangu kaniita. Waje."

Akaigonga kwa nguvu zote. Mimi nikasimama juu ya kiti nikaliita jina la Jalisa mpaka koo likauma, na Vernell, yule yule aliyenikataza, akapiga vigelegele. Mzungu wa mbele yetu akageuka akasema, "Watu hawa!" Nikamwambia, "Ndiyo, watu hawa!" Walinzi walipotufikia, Hostetler alikuwa tayari anachomoa cheti. Jalisa akalipokea jalada, akalifungua na kuliinua juu ili tuone halina kitu, huku machozi yakimtoka na meno yote nje.

Cheti kilikuja kwa posta baadaye. Mama alikitia kwenye droo ya vijiko. Ukutani, pamoja na picha za watoto wote aliowagongea kengele, ametundika lile jalada tupu.