Wanawake wa Safu ya Nyuma

Asubuhi baada ya sinema, wanawake wa mwethya wa Kanyangi walikuwa wameinama shambani kwa naibu wa chifu, wakichimba mtaro na kubishana. Mwethya ni kazi ya zamu, leo kwangu kesho kwako, na mwenye shamba ndiye hushika jembe wa kwanza na kuwapikia wenzake sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe. Bwana Ndululu, naibu wa chifu, hakushika jembe wala hakupika. Alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli akisikiliza redio.

"Mimi hii sinema naipenda," Kalondu alisema. "Vile yule msichana anaimba kisimani, aiee! Hata ile ya baharia anacheza juu ya meza haiwezi kuifikia."

"Ile ya baharia ilikuwa ya ovyo," Mumbua alimjibu. "Mtu mzima anaruka juu ya meza ya chakula na hakuna mtu anamwambia shuka. Lakini hii nayo ni ya uongo. Huyo msichana haimbi."

"Haimbi aje, na mdomo inafunguka?"

"Mdomo inafunguka, koo haisongi. Mwenye kuimba ni yule wa nyuma, wa tatu. Angalia koo yake. Na ile mitungi yao hakuna kitu ndani, mwaitu. Shingo haikazi hata kidogo. Wanachezeshwa na mitungi mitupu mpaka harusi inaisha, na hakuna hata mmoja ameulizwa jina."

Kalondu alicheka, akasema Mumbua angeweza kukosoa hata mbingu.

Sinema hiyo ililetwa kila mwezi na Mathenge, mtu wa Nyeri aliyehamia Kibwezi, akawa anauza sabuni kwa gari. Aliionyesha kwenye ukuta mweupe wa ghala la pamba, kwanza sabuni, halafu hadithi. Filamu zake nyingine zilikuwa zimekatika moja moja, na mwaka huo wa 1975 alikuwa amebaki na ile ya kisimani tu, tena isiyo na rangi. Binti wa tajiri anampenda mpiga filimbi, na kila anapofungua mdomo, safu ya wanawake wenye mitungi wanacheza nyuma yake. Hakuna aliyejua lugha yake, na hilo halikumzuia mtu yeyote kuwa na maoni. Bwana Ndululu, aliyekaa mbele kwa kiti chake, alimpenda baba wa msichana. Alisema ndiye mtu wa maana peke yake mle ndani.

Mumbua alikuwa na hasira, na haikuwa ya sinema tu. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya lile la Ndululu, na mtaro wake ulikuwa umebomoka. Zamu yake ya mwethya ilikuwa imefika, Ndululu akairuka, akasema shamba lake yeye ni la mfano, ni kazi ya serikali. Zamu ikafika tena, akairuka tena. Mvua ya Novemba ikimkuta Mumbua bila mtaro, udongo wote wa juu ungeteremka na kumwachia mawe. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alichimba kwa Ndululu, kwa sababu ni yeye aliyesoma majina siku ya mahindi ya msaada. Anayekosa kazi, jina lake halisomwi. Mwenye nguvu mpishe, watu husema, na Kanyangi walikuwa wamempisha mpaka wakaishiwa na njia.

Kesho yake yule mwanamke wa tatu wa safu ya nyuma alikuja shambani.

Alikuja na mtungi wake kichwani, mwenyewe akiwa wa kijivu toka kichwa hadi miguu, na upepo ulipovuma alitetemeka kidogo pembeni kama picha kwenye ukuta. Kalondu alimsalimia, "Wakya," naye akaitika "Aa" kama inavyotakiwa, ila sauti ilitangulia, midomo ikafuata. Kikamba alikijua. Alikuwa amekisikia ukutani kila mwezi, watu wakitoa maoni. Methali inasema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Ule mwaka wa njaa alipewa saa ile ile.

"Unaitwa nani?" Mumbua alimuuliza.

"Sikupewa jina."

Mumbua akamwita Nthenya, jina la mtoto aliyezaliwa mchana, kwa vile alikuja mchana kweupe. Nthenya alichimba vizuri. Alifundishwa mara moja tu kwamba kwenye mtaro wa fanya juu udongo hutupwa upande wa juu, na hakukosea tena.

Mathenge aliporudi mwezi uliofuata, safu ya nyuma ilikuwa na pengo, na binti wa tajiri alifungua mdomo kisimani na hakuna kilichotoka. Mpiga filimbi alimsubiri, naye akafungua tena. Mathenge aliikagua filamu yake kwa tochi, akasema haijakatika mahali popote.

"Imeharibika," Kalondu alinung'unika.

"Imeanza kusema ukweli," Mumbua alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye kiti cha mbele.

Wale waliobaki kwenye safu walimsikia. Waliacha kucheza, wakazunguka kisima, wakashuka ukutani mmoja mmoja wakishikilia mitungi ili isigonge ghala. Waliuliza shamba la Mumbua liko wapi. Watu wakawasogezea miguu wapite. Ndululu aligeuka kuwahesabu.

Asubuhi walikuwa kwa Mumbua, wa kijivu na wa Kanyangi pamoja. Mumbua alishika jembe wa kwanza. Isyo ilikuwa motoni. Walikuwa wamefika nusu ya mtaro Ndululu alipotokea na mwavuli wake.

"Wageni nao ni wananchi," alisema. "Kazi ya serikali iko kule chini."

"Hii ni zamu yangu, chifu," Mumbua alisema. "Ni ya tatu sasa."

"Anayetaka mahindi anajua shamba iko wapi." Kisha akawageukia wale wa kijivu, ambao hawakula mahindi. "Na nyinyi, kibali cha hiyo gari ya sinema ni mimi natoa. Bila kibali hakuna sinema. Bila sinema, mtarudi wapi?"

Hawakuwa wamelifikiria hilo. Wakamwangalia Mumbua.

"Nendeni," Mumbua akawaambia. "Mimi nabaki kwangu. Na mahindi yake ale yeye."

Kalondu aliteremka na wengine. Alikuwa na watoto watano na aliona aibu mpaka shingo ikauma, lakini aliteremka. Mumbua alichimba peke yake. Siku ya mahindi jina lake halikusomwa, naye alisimama palepale mbele mpaka la mwisho likasomwa, ili Ndululu amwone.

Mvua ilinyesha usiku mmoja tu. Nusu ya mtaro ilizuia ilichoweza, maji mengine yakapita. Udongo wa Mumbua, mwekundu, uliolishwa samadi ya mbuzi tangu aolewe, uliteremka wote mpaka kwenye tuta la Ndululu ukasimama hapo. Tuta lilishika vizuri. Lilikuwa limechimbwa na watu wanaojua kazi.

Asubuhi Mumbua alichukua karai, akaingia kwenye shamba la naibu wa chifu mbele ya macho yake, akaanza kuchota.

"Udongo ikifika kwangu ni yangu," Ndululu alisema.

"Basi iite, tuone kama itakuitikia."

Alijaza karai, akalitwika, akapanda mlima akiimba. Ulikuwa wimbo wa mwethya, na tangu zamani kwenye mwethya mtu huruhusiwa kumwimba yeyote aliyemkosea. Alimtaja Ndululu kwa jina, na la baba yake. Nthenya, aliyekuwa akichimba kwa Ndululu, akaweka jembe chini. Alijaza mtungi wake udongo, akajitwika, na shingo yake ikakaza mishipa ikaonekana. Wenzake wa kijivu wakamfuata kwa safu. Waliitikia wimbo kwa makoo yao wenyewe, na safari hii sauti na midomo vilikwenda pamoja.

Kalondu aliwatazama wakipanda. "Sasa mimi nangoja nini?" alisema, akaenda kutafuta karai.

Ndululu alifunga mwavuli, akaufungua tena. Siku ya mahindi hakusoma jina la Kalondu pia. Wao wawili waligawana isyo ya Mumbua, na ilikuwa kidogo.

Mathenge alipokuja tena, wale wa kijivu walirudi ukutani kwa hiari yao, kwa sababu ni kwao. Nthenya aliaga kila mtu kwa jina. Sinema ikaanza, na kila kitu kilikuwa cha kijivu kama zamani isipokuwa miguu ya wanawake wa safu ya nyuma. Ilikuwa myekundu hadi magotini, wekundu wa Kanyangi. Walicheza taratibu, kama watu wenye mzigo, na binti wa tajiri ilibidi awapishe kisimani.

Ndululu alisema filamu imechafuliwa, akaamuru isafishwe kabla kibali hakijatolewa tena. Mathenge aliisugua kwa sabuni yake mwenyewe, ile anayoitangaza kila mwezi kwamba hutoa doa lolote. Haikutoka. Alimpa Ndululu katoni mbili za sabuni hiyo, na kibali kikatolewa.

Mvua ya pili ilipiga usiku uleule. Mtaro wa Mumbua ulikuwa bado nusu, udongo ukateremka tena hadi kwa Ndululu, na tuta lake likaupokea. Alfajiri Kalondu alimkuta Mumbua njiani na karai lake.

"Haya, mwaitu, wewe wa kukosoa," Kalondu alisema. "Hiyo ya jana uliionaje?"

Mumbua aliweka ngata kichwani na kuwaza kidogo.

"Ile ya sasa naweza kuiangalia," alisema. "Majina bado hawajaulizwa. Lakini mitungi imejaa."

Wakashuka kwa Ndululu kuchota.