Kisima Namba Saba

Wiki tatu nzima Kisima Namba Saba kilimtoa jasho mwanajiolojia. Kazi yake ilikuwa kuoanisha mambo mawili: mwangwi wa mitetemo iliyopigwa ardhini, na vipimo vya miamba vilivyochukuliwa ndani ya visima vya zamani. Yakikubaliana, angeweza kuchora matabaka ya chini hata pale ambapo hakuna aliyewahi kuchimba. Visima sita vilikubali. Cha saba kilikataa katakata.

"Kitupe," mkuu wake alimwambia. "Kimoja tu kisikuumize kichwa."

Hakukitupa. Kilikuwa kimechimbwa na baba yake. Enzi hizo mzee alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, tope kwenye kucha, vipande vya mawe mfukoni.

"Lamba," alimwambia bintiye. "Kikinata ulimini ni udongo wa mfinyanzi. Kikikwaruza ni mchanga."

"Unamlisha mtoto mawe!" mama alifoka jikoni, nao wawili wakicheka chini chini.

Jumamosi hiyo binti alimpelekea mzee karatasi za vipimo vya kisima hicho. Baba akazitandaza kitandani, pembe zake akazikandamiza kwa kandambili.

"Hapa keekee ya kutobolea mwamba ilivunjika," alisema, kidole kikishuka polepole. "Na hapa tulikesha siku mbili. Nionyeshe ramani." Akaitazama, akaguna. "Siyo hapo."

"Baba, ndivyo ilivyoandikwa."

"Aliyeandika alikuwa ofisini, mwanangu. Hapo palikuwa tope tupu, mtambo ukaanza kuyumba kama mlevi. Tukausogeza hatua mia tatu kuelekea mlimani. Nilizihesabu mwenyewe."

Binti akafungua kompyuta palepale kitandani, akakihamisha kisima kwenye ramani. Tabaka moja baada ya jingine likakaa mahali pake. Alipiga kelele hadi jirani akachungulia dirishani.

Mzee hakushangilia. "Hebu nionyeshe kwa chini," alisema. "Miaka thelathini nimetoboa, sijawahi kuona nilichokitoboa."

Akamzungushia picha taratibu. Mzee akaugusa mchanga wa manjano kwenye kioo, uliotanda mbali kupita alivyowahi kufikiri.

"Kumbe ni mpana hivi! Fundi Kamba alibisha, akasema ni kijisahani tu."

Akaanza kuwataja wenzake: Fundi Kamba, Mguu Mrefu, yule mpishi aliyeimba vibaya. Wote walikuwa wametangulia mbele ya haki. Kompyuta ikazimika kwa kuishiwa chaji. Binti hakuinuka kutafuta waya, alivua viatu, akapanda kitandani, akamuuliza, "Mguu Mrefu ndiye yupi, baba?"