Nyasi za Namba Nane

Ijumaa asubuhi Bi Khole alikuwa uani kwake Al Amerat, nje ya mji wa Maskati, anageuza vitumbua, pale Akanisi aliporudi kutoka kukimbia. Nyuma yake, tangu getini mpaka bombani, nyasi zilikuwa zimeota kila alipokanyaga: mbichi, fupi, zimekatwa sawasawa, na katikati umepita mstari mweupe wa chokaa. Bi Khole akatazama, akageuza kitumbua kingine.

"Viatu vua huko huko," akamwambia. "Usiniletee majani jikoni."

Al Amerat, kwa asiyepajua, ni mawe. Milima mawe, viwanja mawe, na ukichimba shimo upande kitu unakuta mawe mengine chini yanakusubiri. Bwana Thani, mume wa Bi Khole, tangu astaafu serikalini anahangaika na mindimu miwili inayokunywa maji kuliko ngamia na haijazaa hata ndimu ya kukamulia mchuzi. Akatoka na kikombe chake cha kahawa, akainama, akazivuta zile nyasi. Hazikung'oka. Akazinusa, zinanuka mvua.

"Hizi hazitaki maji," akasema, akaingia ndani kuwapigia simu ndugu zake.

Akanisi hakuwa mtunza bustani. Alikuwa mchezaji wa raga, na si wa kubabaisha. Kwao Fiji alianza na chupa ya plastiki iliyoshindiliwa matambara, na kaka zake wakimwangusha bila huruma, mpaka ikafika siku wakaanza kumkimbia wao. Akavaa jezi ya timu ya taifa ya wanawake, namba nane, yule anayekaa mkiani mwa lile kundi linalosukumana vichwa chini, na mpira ukimfikia anawapitia watu kifuani. Kisha goti likamkatikia. Akaja Maskati kufundisha mazoezi katika skuli ndogo ya wasichana aliyoifungua Bwana Thani, huku akisubiri goti lipone.

Wakampa chumba cha juu. Bi Khole akampenda, tena kwa moyo mmoja. Akamfundisha Kiswahili cha Unguja na kumwambia kila mgeni kwamba huyu si mwalimu, huyu mwanangu. Pasipoti ya Akanisi, Bwana Thani aliiweka amana katika kabati la chumbani, pamoja na ya Namusoke, msichana wa kazi kutoka Uganda, na pamoja na halwa, ambayo hufungiwa humo kwa sababu ya wajukuu. Ufunguo hautoki mfukoni mwa kanzu yake. Sheria hairuhusu kumzuilia mtu pasipoti, na Bwana Thani sheria anaijua vizuri. Ila yeye aliona ile ni sheria ya wageni, haiwahusu watoto wa nyumbani.

Basi nyasi zikaenea. Ikaonekana kwamba Akanisi akikimbia zinaota, lakini akianguka zinaota nene zaidi, na ukoo mzima ukataka aanguke. Wanaume kumkaba haijuzu. Mashangazi magoti hayawaruhusu. Kazi ikamwangukia Namusoke, kama kazi zote za nyumba ile. Siku ya kwanza alimshika kiuno Akanisi kama anayeomba radhi. Haukupita muda, akawa anamtupa chini mpaka mindimu inatikisika, na furaha aliyokuwa nayo usoni hujapata kuiona akiosha vyombo.

Musallam, kaka yake Bi Khole, alikuwa akija na gari kutoka Al Hail kuwachukua wote wawili wakaanguke kwake. Mstari wa goli ulimpita katikati ya majlisi ya wageni, na juu ya paa zikaota zile nguzo mbili ndefu za goli la raga. Akazitundikia dishi la televisheni. Picha ikawa safi sana.

Kisha kocha akapiga simu kutoka Fiji. Goti limepona? Limepona. Basi rudi, kambi inaanza, Kombe la Dunia hili hapa. Akanisi alijua kwamba kombe la baada ya hili, kwa umri wake, atalitazama amekaa kitini. Akashuka ngazi, akaketi mbele ya Bwana Thani na mkewe.

"Baba, nnaomba pasipoti yangu."

"Unakwenda wapi?"

"Kucheza."

"Si unacheza hapa?" Bwana Thani akaonyesha uani.

"Hapa nnaanguka tu, baba. Kucheza ni kule."

Bi Khole akaweka kikombe chini. "Tumekukosea nini, mwanangu?" Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya kweli. Hapo ndipo penye taabu. Mtu akikufungia kwa chuki unajua pa kumshika, lakini hawa walimfungia kwa mapenzi, na kila siku wanamuuliza kama ameshiba.

"Ghaliya tumemzaa wenyewe," akasema Bwana Thani, "na hajatuomba pasipoti hata siku moja."

"Ghaliya ya kwake anakaa nayo mwenyewe," akasema Namusoke kutoka jikoni.

Wote walimsikia. Bi Khole akaomba aongezewe kahawa.

Akaambiwa asubiri Idi ipite. Idi ikapita, akaambiwa asubiri harusi ya mtoto wa Musallam, maana bustani ya kule haijaisha. Harusi ikaahirishwa, ikawa mwezi ujao inshallah, na inshallah ya namna ile kila mtu anaijua. Bega la Akanisi lingelivunja kabati lile kama biskuti. Lakini Bwana Thani alikwisha kumweleza, kwa upole kabisa, kwamba mtoro huripotiwa, na aliyeripotiwa hasafiri wala haajiriwi, na yeye angesikitika sana kumripoti mwanawe.

Kombe likaanza. Siku ya mechi ya Fiji, alasiri, ukoo ulijaa majlisi mbele ya televisheni. Fiji wakaingia uwanjani pungufu, namba nane hayumo. Refa akawahesabu, akaona sawa, akapuliza filimbi. Akanisi hakutaka kutazama. Alitoka uani peku, Namusoke nyuma yake, na dirisha likaachwa wazi.

Akanisi alipoinama chini ya mndimu, kule kwenye televisheni kundi la Fiji likanyooka na kuanza kusukuma. Alipokimbia, wapinzani wakaanguka mmoja baada ya mwenzake, hakuna aliyewagusa. Mtangazaji akataja jina la Akanisi na kuendelea. Karibu na mwisho mpira ukainuka wenyewe usawa wa kifua, ukawapita watu. Uani Akanisi akampita Namusoke, akaupita mndimu wa pili, akajitupa juu ya mstari mweupe. Kule mpira ukalala chini. Refa akainua mkono. Wasichana wa Fiji wakakumbatiana, wameacha katikati nafasi ya mtu mmoja.

"Binti yetu huyo," akasema Bwana Thani, huku analia. Akasimama, akatoa ufunguo mfukoni, akaenda chumbani.

Akanisi alikuwa bado amelala nyasini, goti linavuja damu. Aliposikia ufunguo ukizunguka, akasimama. Namusoke naye akasimama. Kabati likafunguliwa. Kabati likafungwa, ufunguo ukazunguka tena, na Bwana Thani akatokea uani na bakuli la halwa ya zaafarani. Akamega ya kwanza kwa mkono wake, akamtia Akanisi mdomoni.

"Umeona?" akamwambia. "Umecheza, na hukwenda popote."

Halwa ilikuwa nzuri. Akanisi akaitafuna polepole, akaimeza. Nje Musallam alikuwa anapiga honi, kwani harusi ni Alhamisi na upande wa kukaa maharusi bado ni mawe matupu. Namusoke akajifuta mikono kwenye gauni, akamuuliza Akanisi, wakifika huko waanze na kukimbia au na kuanguka.